Kabla Hujaninunulia Miwani

Kanana mwanangu,

Wiki iliyopita uliniuliza swali dogo kwenye simu nikashindwa kulijibu. Ulikuwa dukani huko Doha, umetoka zamu hospitalini, umesimama mbele ya kabati la miwani ya jua. "Baba, ya bwawani nikuchukulie gani? Nyeusi kabisa ama hizi za kahawia?" Nikakwambia mtandao unakatika, nitakujibu siku nyingine. Mtandao ulikuwa sawa. Ni sauti yangu iliyokatika. Kendi alikuwa ameniinamia akinisukumia mto mgongoni, na nilipokata simu aliniangalia vile dada yako anavyojua kumwangalia mtu, akatoka nje.

Sasa nakujibu kwa kalamu, kwa sababu kalamu haihitaji koo. Lakini kabla ya miwani kuna jambo lingine, na nikilichelewesha nitaliogopa.

Siendi tena bwawani, mwanangu. Tangu mwisho wa mvua za vuli sijakanyaga mashua. Niko nyumbani huku mlimani Kanyakine, katika kitanda changu cha zamani, Kendi ndiye anayenitunza. Kila Jumapili ukiuliza, "Leo mmepata nini?" nimekuwa nikikutajia samaki wa mvuvi mwenzangu Njiru kana kwamba nilikuwa naye. Nina saratani ya koo. Daktari alinieleza vizuri, kwa upole, na nikamwelewa: imeshuka, hakuna la kukata. Ninakunywa uji kwa kijiko kama mtoto. Nilimkataza dada yako asikuambie, nikamkataza Njiru pia. Sababu unaijua. Mkataba wako unaisha baada ya masika, na ukiuvunja mapema, malipo ya mwisho wa kazi yatabaki huko huko, nayo ndiyo ya kununulia mashua yako ya injini. Nimetaka uipate hiyo mashua. Kwa hiyo barua hii siiandiki ili urudi. Naiandika ili siku utakayoingia majini bila mimi, uwe unaona.

Kendi atazipiga picha kurasa akutumie. Nimemwambia asimfiche mtu barua hii. Mwenye mtoto mbali naye na maji karibu naye aisome, huenda ikamfaa.

Unakumbuka tuliposhuka Mbeere, kule bwawani, mara ya kwanza? Mama yako alikuwa ametutoka, mimi nimestaafu ualimu, na nyumba hii ilikuwa na baridi ambayo moto haukuiondoa. Watu walisema Mwalimu amechanganyikiwa. Mtu ana migomba, ana kahawa, ana ng'ombe wa maziwa, anaenda kuketi kwenye joto na mamba? Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne unasubiri matokeo, ukasema utanisindikiza tu, uone nilipo, urudi. Ulikaa mpaka chuo cha uuguzi kilipokuita.

Siku ile Njiru alitupakia kwenye mashua yake ya mbao, akanipa kasia la nyuma kwa heshima ya umri, yeye akakaa mbele akinyoosha nyavu. Nilikuwa nimevaa miwani niliyoinunua stendi ya Embu, nyeusi kama sufuria ya kuni. Nilijiona niko tayari. Mchana ulipoanza kuinama, jua likaja usoni, na bwawa lote likawaka kama paa la mabati mapya. Nilikuwa natazama giza lenye moto katikati yake. Sikuona maji, niliona mng'ao.

"Mwalimu, kata kushoto!" Njiru akapiga kelele. "Hapo mbele ni kwa Ireri!"

Mimi mtu wa milimani nikainua kichwa nikatafuta ukingoni. Ireri ni nani? Amesimama wapi? Nikainua hata mkono nimsalimie. Ndipo mashua ikagonga, ikapanda, ikainama, na samaki wa asubuhi nzima wakarudi kwao.

"Ireri alihamishwa kitambo, Mwalimu," Njiru akasema, akipangusa maji usoni. "Ni mti wake ulibaki."

Wewe ulikuwa umelowa mpaka shingoni na ulicheka hadi ukashika ubavu. "Baba, umegonga shamba la watu!"

Hivyo ndivyo tulivyojifunza kwamba bwawa lile lina mashamba chini. Maji yalipofungwa, watu walihamishwa, miti ikabaki imesimama. Mikuyu na migunga ile imekufa bila kuanguka. Kiangazi kikikaza na maji yakishuka, vichwa vyake hukaribia juu, vikangoja mashua. Wavuvi wa pale huita kila kisiki kwa jina la mwenye shamba. Kwa Ireri. Kwa mama Wanja. Kwa mzee wa nyuki. Mgeni akisikia anadhani wanataja majirani.

Jioni ile uliniuliza mbona miwani haikunisaidia, na nikafurahi, maana nilikuwa sijafundisha mtu tangu nistaafu. Tulikwenda kwenye zizi la mbuzi la Njiru, lile la fito zilizosimama wima. Nikapitisha kamba ya mkonge katikati ya fito, ukashika upande wa pili. Nikaitikisa juu na chini, wimbi likapita likakufikia mkononi. Nikaitikisa kushoto na kulia, likagonga fito likafa. Nikakwambia mwanga unaoruka juu ya maji umelala, unatikisika kushoto na kulia. Kioo cha kawaida, hata kiwe cheusi namna gani, kinapunguza kila kitu sawasawa, kizuri na kibaya. Kioo chenye polaroidi ni zizi lenye fito wima. Ule mwanga uliolala unazuiwa, ule mwingine unapita, na wewe unaona ndani ya maji badala ya kuona jua likijitazama.

Njiru alikuwa anakamua mbuzi. "Kwa hivyo Mwalimu," akasema bila kugeuka, "shida yako haikuwa macho. Ni zizi ulikosa."

Na huo weusi, Kanana, ndio mtego wenyewe. Nilikwambia siku ile na narudia kwa sababu sasa uko mbele ya kabati. Kioo cheusi kisicho na kinga ya ile miale ya jua isiyoonekana ni kibaya kuliko kutovaa chochote. Jicho likiwekewa giza linafungua mlango wake wazi, na ile miale inaingia yote. Polaroidi ni kitu kimoja, kinga ya miale ni kitu kingine, na miwani inaweza kuwa na kimoja bila kingine. Tafuta namba 400 kwenye kibandiko, lakini kibandiko hubandikwa na mtu yeyote mwenye gundi. Daktari wa macho ana kifaa kidogo cha kupimia. Muombe. Hiyo nyama iliyoota kwenye weupe wa jicho la Njiru, ambayo ulikuwa unamwekea dawa, imelelewa na jua la majini.

Kisha tukaenda kununua. Sijui kama unaikumbuka siku ile ninavyoikumbuka mimi. Tulipita soko la Gakoromone ukachagua ndizi, halafu tukaingia kwenye kibanda cha Hassan, yule muuzaji mwenye ndevu za hina na meza iliyojaa miwani, mikanda na kofia.

"Mzee wangu, karibu. Hii ni polaroidi halisi. Rubani wa ndege anavaa hii."

"Tuone," nikasema, nikatoa simu yangu, nikawasha kioo, nikaishika miwani mbele yake nikaizungusha polepole kama saa. Kioo cha simu kikabaki vilevile. Nikarudisha. Nikachukua nyingine. Nikarudisha. Nyingine tena.

"Mzee, unanunua ama unasahihisha mtihani?"

"Nasahihisha. Hawa wote wameanguka."

Ukaona aibu ukajifanya unatazama mikanda. Hassan akakunja uso, lakini hakutufukuza. Akainama chini ya meza akatoa boksi, akanipa miwani ya kahawia isiyo na madoido. Nikaizungusha, na ilipofika upande kioo cha simu kikazima tii, kama umeme umepotea. Nikairudisha wima, kikawaka.

"Wallahi," akasema Hassan. Akaninyang'anya simu ajaribu mwenyewe. Akaita na jirani yake wa viatu aje aone. Tulipopita pale baada ya muda mrefu tukamkuta amesimama juu ya kigoda akiita wateja, "Njooni na simu zenu! Isipozima usinunue!" Ukaniambia, "Baba, umempa kazi ya ualimu, na hakulipi."

Kwa hiyo hapo ulipo, usimuulize muuzaji. Uliza simu yako. Kama hutaki kumwonyesha, chukua miwani mbili, weka kioo juu ya kioo, zungusha moja. Pakiingia giza ni polaroidi zote mbili. Baadaye majini simu hiyo hiyo itakutisha: utaitazama ukidhani imekufa. Igeuze tu upande.

Rangi sasa. Kijivu ni kizuri kwa maji marefu ya wazi, kwenye jua kali, kwa sababu hakibadilishi rangi ya kitu. Lakini maji yetu si bahari. Yetu ni ya udongo, na karibu na kingo ni mafupi. Chukua kahawia, rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyokolea kiasi. Hiyo inatenganisha kisiki na kivuli, na mgongo wa kiboko na jiwe. Ya manjano ni ya alfajiri na siku za mawingu, usiifanye ndiyo pekee. Ile inayong'aa kwa nje kama kioo cha saluni inapunguza mwanga kidogo zaidi, lakini si lazima, na ukiivaa Njiru atachania nywele usoni mwako.

Umbo lake liwe la kukumbatia. Mwanga wa majini haukujii usoni peke yake, unaingia kwa pembeni na kwa chini, unagonga kioo kwa ndani na kukurudia. Kioo cha glasi ni safi na hakichubuki upesi, ila ni kizito na kikivunjika kinavunjikia jichoni. Chukua plastiki ngumu. Unakumbuka ndoano iliyorudi kama nyigu siku ulipovuta kambare kwa hasira? Iligonga kioo changu ikaacha mkwaruzo. Wewe ulishika mdomo. Mimi nilicheka ili usilie. Mkwaruzo ule ungekuwa jicho.

Na wewe huoni mbali. Tangu darasa la sita ulikuwa unakodoa ubao mpaka mwalimu wako akaniita. Usije ukafanya kama watu wanaovua miwani yao ya macho ili wavae ya jua, halafu wakaona maji bila mng'ao na bila chochote kingine. Mwambie fundi wa miwani akutengenezee kioo chenye namba zako na polaroidi ndani yake. Kama ni ghali, kuna ile ya kupachika juu ya miwani yako ya kila siku, au ile kubwa inayovaliwa juu yake. Haipendezi. Mamba hawajali. Funga kamba nyuma ya shingo. Usifute kioo kwa kanga yenye mchanga, kioshe kwanza kwa maji. Na jua likizama ivue, maana gizani itakuibia kidogo ulicho nacho.

Lakini ninayotaka zaidi uikumbuke ni siku tuliyompa Njiru aivae.

Alikuwa ameikataa kiangazi kizima. "Mwalimu, ukiniwekea hiyo kitu nitaanza kuona majini." Wewe ndiye uliyemvisha, ukamshika kichwa kwa mikono miwili kama unamvisha mtoto kofia. Maji yalikuwa yameshuka sana na yametulia, unaona chini kiasi cha urefu wa kasia. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaanza mzaha, "Aah, sasa naona hata samaki wanavyonisengenya." Halafu akaweka kasia chini. Mashua ikaenda yenyewe. Akainama mpaka pua ikakaribia maji.

"Hiyo panda," akasema. "Hiyo panda ndiyo baba alikuwa anatundika mzinga."

Tulitazama. Tawi lilikuwa limegawanyika mara mbili, jeupe, chini yetu kabisa. Ndipo akatueleza kwamba maji yalipokuja yeye alikuwa Mwea, kibarua kwenye mpunga. Nyumbani waliona asimamishe kazi ya nini, watamwita wakishahama. Walihama, wakamwita. Aliporudi akakuta bwawa. "Nilijua hapa ni kwetu, maana niliambiwa," akasema. "Lakini tangu maji yaje sijawahi kupaona." Akavua miwani, akakupa, akachukua kasia. Ulimgusa begani na hakuuondoa mkono wako.

Nimeandika hadi hapa kwa siku kadhaa, nikipumzika. Nilikuwa nimekusudia kumalizia na ushauri mmoja tu: kwamba miwani haipenyi matope. Masika yakishuka, mito yote ya mlimani huleta udongo mwekundu bwawani, na hata kioo bora duniani hakitakuonyesha kisiki. Wakati huo usimwache Njiru nyumbani, maana yeye anayajua mashamba kwa majina. Hapo ndipo ningetia sahihi.

Jana Njiru alikuja. Alitoka Kiritiri, kule Mbeere, alfajiri, akafika hapa amevaa makoti mawili, moja juu ya lingine, akitetemeka mlangoni. "Mwalimu, nyinyi watu mnaishi ndani ya friji?" Alikuwa na tilapia wamefungwa kwa majani, na alipoona kikombe changu na kijiko aliwapeleka jikoni haraka, akajifanya anamtafuta Kendi. Aliporudi alikaa kwenye kigoda, akanitazama mikono. Sikumbuki kama amewahi kuniona bila kofia.

Nikamsomea sehemu niliyoandika juu yake. Nilidhani itamfurahisha. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Na umemwambia arudi?"

Nikasema hapana. Nikamweleza habari ya mkataba na mashua.

"Mashua," akasema. "Mwalimu, mimi niko na mashua. Mashua ni mbao." Akasimama, akaketi tena. "Jumapili Kanana ananipigia mimi pia, unajua? Ananiuliza, 'Baba anakula? Baba anavaa kofia?' Mimi namdanganya kwa sababu wewe ni mzee wangu. Lakini sitaki tena. Usimfanyie ile yangu, Mwalimu. Usimwite aje kukuta maji."

Kendi alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Nimezoea kuona kosa kwenye daftari la mwingine. Mwanangu, mimi nilifikiri upendo ni kukuacha umalize kazi yako ukiwa na amani, halafu uje upate mashua na kaburi lililopandwa maua. Nilikuwa nakuchagulia utakachokiona. Hiyo si haki yangu, ijapokuwa mimi ni baba yako. Na nikiwa mkweli kabisa, nilikuwa pia naona haya. Sikutaka unione nikilishwa, wewe uliyeniona nikigonga miti ya watu na kucheka. Wewe ni muuguzi, unalisha wazee usiowajua kila siku, na mimi nilikuwa nakunyima mzee wako mwenyewe.

Kwa hiyo nafuta nilichoandika mwanzoni kwamba sikuiti. Sikuchana ukurasa ule, nimeuacha uone nilikuwa wapi na nimefika wapi. Nenda kwa msimamizi wako leo, umwambie baba yako anakufa. Akikupa ruhusa, vizuri. Asipokupa, vunja mkataba. Mashua utaipata kwa njia nyingine au hutaipata, na Njiru amesema ataipaka ile yake rangi.

Daktari hakunitajia siku na mimi sikumuuliza. Asubuhi bado ninaweza kuketi. Kendi hunitoa nje jua likipanda, chini ya migomba, na kwa saa moja hivi sauti yangu huwa karibu na ile unayoijua. Saa hiyo nakuwekea wewe.

Mtoe muuzaji wa huko kwenye mawazo, usininunulie kitu. Njoo, mwari wakwa, binti yangu. Njoo masika hayajaanza.

Anayekungoja nje, kwenye jua,
Baba yako